Paneli za Nyuso Mbili: Usinunue Mgongo Usioona Mwanga

Mkulima akiingia katika duka la sola kwenye Luthuli Avenue, Nairobi, siku hizi huonyeshwa paneli ya nyuso mbili hata kabla hajaeleza shida iliyomleta. Muuzaji huigeuza, akaugonga mgongo wake kwa kidole, akasema, "Hii, mzee, inakula jua mbele na nyuma." Maneno hayo ni ya kweli. Lakini ng'ombe naye ana chuchu nne, na maziwa yatokayo hutegemea majani aliyopewa. Mgongo wa paneli nao ni vivyo hivyo: hutoa umeme kwa kadiri ya mwanga unaoufikia, wala hautoi zaidi.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, si mhandisi. Lakini kazi ya karani ni kusoma karatasi, na karatasi za bei za paneli hizi nimezisoma nyingi, kwa sababu wakulima wa skimu wanaokuja mjini na kulala kwa ndugu zao hapa Majengo huniletea niwasomee. Mmoja huja na karatasi tatu kutoka maduka matatu, na kila karatasi ina paneli ya namna yake. Bei zimekaribiana, wati zimekaribiana, na mzee wa watu hajui achague ipi. Tena fedha hizi si za mchezo. Wengi wanakopa katika ushirika kwa dhamana ya malipo ya maziwa, na mkopo hukatwa kila mwezi, pampu ikivuta maji au isivute.

Maoni yangu nitayasema mapema ili msomaji asichoke kuyatafuta. Paneli ya nyuso mbili ni kitu chema, nami sina ugomvi nayo. Lakini mkulima wa skimu aichague kwa uimara wa kioo chake na kwa namna itakavyosimama shambani, asiichague kwa ahadi ya wati za mgongoni.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Paneli ya zamani ina kioo mbele, seli katikati, na nyuma karatasi nene ya plastiki, mara nyingi nyeupe, isiyopitisha mwanga. Umeme hutoka upande mmoja tu. Paneli za kituo cha umeme wa jua cha Garissa, kilichofunguliwa Desemba 2019, ni zaidi ya 206,000, kila moja ya wati 265, na ukubwa huo ndio uliokuwa wa kawaida wakati huo. Paneli ya nyuso mbili huachwa wazi nyuma, kwa kioo au kwa plastiki inayopitisha mwanga, na seli zake zimetengenezwa ziweze kupokea mwanga kutoka pande zote mbili. Wazo lenyewe si jipya. Mjapani Hiroshi Mori aliomba hataza ya seli ya namna hii mwaka 1960, miaka miwili kabla ya kuanza ule Mpango wa Ekari Milioni uliowapa baba na babu zetu viwanja vya skimu. Kilichokuwa kigeni zamani ni bei. Sasa viwanda vya China vinazitengeneza kwa wingi sana, na tofauti ya bei kati yake na paneli ya uso mmoja imekuwa ndogo. Kwa hiyo utauziwa nyuso mbili hata kama hukuziomba.

Mwanga wa nyuma unatoka wapi? Hautoki juani moja kwa moja, maana jua liko mbele. Unatoka ardhini. Jua hupiga ardhi, na ardhi hurudisha sehemu yake juu. Majani mabichi na mimea ya shambani hurudisha kama 20 hadi 25 kwa mia ya mwanga unaoipiga. Udongo mweusi uliolowa, kama ule wa Mwea, haurudishi hata 10. Wengine hudhani maji ya mpunga yatafaa kwa kuwa yanang'aa machoni. Hayafai: jua likiwa utosini, maji hurudisha kama 5 tu kwa mia, na ule mng'ao tunaouona ni wa asubuhi na jioni, jua likiwa chini. Ukuta au sakafu iliyopakwa chokaa hurudisha 60 na zaidi.

Sasa fanya hesabu kama tulivyowafundisha watoto darasani. Chukua mwanga 100 unaoangukia majani. Unarudi 20. Paneli yenyewe imeweka kivuli chini yake, basi mgongo wake hauoni yote 20. Tuseme unaona 10. Tena seli upande wa nyuma hazina nguvu sawa na za mbele. Tuseme zina nguvu ya 80 kwa mia. Unabaki na 8. Hiyo ndiyo nyongeza juu ya ile 100 ya mbele. Kwa paneli iliyoinuliwa vizuri juu ya majani, nyongeza kati ya 5 na 10 kwa mia ni ya kawaida. Ukiilaza juu ya bati, kwa nafasi ya kidole au viwili, mgongo unatazama giza, na nyongeza karibu haipo. Nikitazama mapaa ya hapa Majengo, mabati yenye kutu, rangi ya kahawia, na paneli moja moja zimelazwa juu yake, naona migongo mingi iliyolipiwa ambayo haitafanya kazi hata siku moja. Huko skimu nako ni hivyo hivyo kwa anayeilaza juu ya paa la jikoni lililokolea moshi.

Hapa ndipo karatasi za bei zinapowapoteza watu. Kiwanda hupima paneli kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mwanga wa mbele peke yake, wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Njia ya pili huongeza mwanga wa nyuma wa wati 135 kwa mita ya mraba, na hipo hicho ndicho kipimo kinachoandikwa BNPI katika karatasi ya kiwandani. Vipimo vyote viwili ni halali. Udanganyifu huanza dukani, pale kipimo cha pili kinapoandikwa kwa herufi kubwa na cha kwanza kinaposahauliwa. Chukua paneli ya wati 580 kwa mbele, yenye mgongo wa nguvu ya 80 kwa mia. Zidisha 135 kwa 80 kwa mia, upate 108, yaani karibu 11 kwa mia ya ule mwanga wa 1,000. Basi paneli hiyo hiyo huandikwa wati 643. Chama kikinunua paneli 12, muuzaji huhesabu wati 7,716, na kwa kipimo cha mbele ni wati 6,960. Tofauti ni wati 756, zaidi ya paneli nzima ambayo haipo juu ya nguzo. Nimeona pia karatasi yenye nyongeza ya 25 kwa mia. Hiyo ni nyongeza ya mahali pa theluji au pa sakafu nyeupe, na kabichi hazioti juu ya sakafu. Uliza wati za mbele, na bei uigawanye kwa wati hizo peke yake. Za nyuma zihesabu kama mbogi zinazojiotea zenyewe kando ya mfereji: ukizipata, shukuru.

Tuje sasa kwenye maumbo yenyewe, maana paneli mbili zenye wati sawa zinaweza kuwa vitu tofauti kabisa.

Umbo la kwanza lina kioo mbele na kioo nyuma, kila kimoja milimita 2. Umbo la pili lina kioo kimoja cha mbele cha milimita 3.2, na nyuma plastiki inayopitisha mwanga. Uzito wao hutofautiana. Kioo cha milimita 2 kina kilo 5 kwa mita ya mraba, na paneli kubwa za siku hizi zina mita za mraba kama 2.6. Basi vioo viwili ni karibu kilo 26, na pamoja na fremu paneli hufika kilo 32 hivi. Ile yenye plastiki nyuma huwa na kilo 27 au 28. Watu wawili wanahitajika kuinua mojawapo, na paa lililojengwa kwa fito na misumari ya kubahatisha halifai kwa yoyote kati yake.

Uzuri wa vioo viwili ni kwamba unyevu haupiti katika kioo. Plastiki, hata ile nzuri, hupitisha mvuke kidogo kidogo kwa miaka, nao unyevu ni adui wa seli na wa nyuzi za fedha zilizochorwa juu yake. Kwenye skimu za Nyandarua, ambako ukungu wa Julai hukaa mpaka saa nne ya asubuhi na umande haukauki upesi, jambo hili si dogo. Plastiki ya nyuma pia huweza kugeuka manjano kwa jua la miaka mingi, na kokoto zinazorushwa na upepo huikwaruza. Ikigeuka manjano, ule mwanga ulioununua nao unapungua.

Lakini vioo viwili vina ugonjwa wao, na muuzaji hatausema. Kioo cha milimita 3.2 hukazwa kabisa kwa moto kiwandani, kama kioo cha dirisha la gari. Kioo cha milimita 2 ni vigumu kukikaza kiasi hicho, kwa hiyo kwa kawaida hukazwa nusu tu. Katika miaka ya karibuni watafiti wa maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani wameeleza habari za paneli kubwa za vioo vyembamba zinazopasuka zenyewe juu ya vyuma vyake, bila jiwe wala mtu. Kadiri paneli inavyokuwa pana na kioo kinavyokuwa chembamba, ndivyo inavyolegea katikati. Nasi tuna mvua ya mawe. Watu wa Kericho, Nandi na Nyandarua hawahitaji kuelezwa. Jaribio la kawaida la kiwandani ni kupiga kioo kwa donge la barafu la milimita 25 kwa mwendo wa mita 23 kwa sekunde. Donge la milimita 25 ni kama shilingi ishirini kwa upana. Anayekaa mahali ambapo mawe makubwa kuliko hayo yameshaanguka, aulize kama paneli ilijaribiwa kwa donge la milimita 35 au 40, na aonyeshwe karatasi. Tena achague paneli ndogo kidogo, ya mita za mraba 2 au chini yake, ingawa wati zake ni pungufu. Nguzo moja itaongezeka, na usiku wa mawe atalala.

Kati ya maumbo haya mawili, mimi kwa Nyandarua na sehemu zote za ukungu ningechukua vioo viwili vyenye fremu ya alumini, vya ukubwa wa kadiri. Kwa mahali pakavu, ambako paneli itakaa juu ya paa jepesi, plastiki si kosa, lakini basi mgongo usilipiwe. Zile paneli za vioo viwili zisizo na fremu, ambazo huonekana nadhifu sana katika picha, siwezi kumshauri mtu mwenye ng'ombe. Ncha ya kioo iliyo wazi na pembe ya ng'ombe havikai boma moja.

Kuna jambo dogo ndani ya vioo viwili ambalo mnunuzi anaweza kuliona kwa macho. Itazame paneli dhidi ya mwanga. Nyingine zina mistari meupe iliyochapwa kwenye kioo cha nyuma, katika nafasi zilizo kati ya seli. Mistari hiyo hurudisha mwanga kwenye seli, na wati za mbele huongezeka kidogo. Nyingine zimeachwa wazi kati ya seli, na mwanga hupita mpaka chini. Anayetaka kupanda mboga chini ya paneli achukue ya pili. Anayetaka umeme tu achukue ya kwanza.

Tazama pia visanduku vya waya mgongoni. Paneli iliyotengenezwa kweli kwa nyuso mbili ina visanduku vidogo, mara nyingi vitatu, vilivyopangwa katikati kwenye mstari usio na seli. Ukiona kisanduku kimoja kikubwa kimeketi juu ya seli, ujue kivuli kimejengwa humo tangu kiwandani. Na seli ziwe zimekatwa nusu nusu, na paneli igawanyike mbili, ya juu na ya chini, ili kivuli cha mti kikigusa nusu moja, nyingine iendelee kufanya kazi. Karibu zote za siku hizi ni hivyo.

Kuhusu aina za seli sitakaa sana. Karatasi zitakuandikia PERC, TOPCon au HJT. Ni namna tatu za kupika kitu kile kile. Nguvu ya mgongo wa PERC ni kama 70 kwa mia ya mbele, TOPCon kama 80, na HJT hukaribia 90. Mkulima asitoe fedha nyingi kwa tofauti hiyo. Ikiwa ardhi inarudisha mwanga wa 10 tu, kutoka 70 mpaka 80 ni nyongeza ya 1 kwa mia, ambayo vumbi la wiki moja hulila. Lililo muhimu zaidi ni kwamba seli za TOPCon zimeonekana kuumizwa na unyevu kwa urahisi, kwa hiyo akiambiwa TOPCon, aone kioo pande zote mbili na aulize gundi iliyo katikati. Gundi ya kawaida, EVA, huzaa tindikali kama ya siki ikipata joto na unyevu, na ndani ya vioo viwili haina mahali pa kutokea. Ile iitwayo POE haizai tindikali hiyo.

Stendi nayo ina mambo yake. Mafundi wa Gikomba, jirani zetu hapa, ni hodari sana. Watakuchomea stendi ya chuma itakayomshinda tembo. Lakini wamezoea paneli ya uso mmoja, na kwa mazoea hayo hupitisha vyuma viwili au vitatu vipana mgongoni, katikati, ili paneli itulie. Kwa paneli ya nyuso mbili kila chuma hicho ni kivuli cha kudumu. Mwambie fundi vyuma vipite chini ya fremu pembeni, au kwenye mstari wa katikati usio na seli, pale pale kiwanda kilipoandika. Mahali pa kushikia hapachaguliwi na fundi wala na mwenye paneli: kioo chembamba kikishikwa mahali pasipo pake, upepo wa kwanza wenye nguvu utakipasua.

Ukingo wa chini wa paneli uwe mita moja au zaidi kutoka ardhini. Chini ya hapo kivuli chake chenyewe huzima mwanga wa nyuma, na mvua hurusha matope mgongoni. Ndiyo, mgongo nao huoshwa. Utando wa buibui, kinyesi cha kuku wanaolala juu ya vyuma, na vumbi la njia ya ng'ombe, vyote hukaa huko kwa sababu mvua haifiki. Mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 hutosha kwetu, tulio karibu na ikweta, ili maji ya mvua yateremke na uchafu wa mbele.

Liko umbo jingine la kusimamisha ambalo limeanza kusifiwa hata katika mikutano yetu. Nalo ni paneli kusimamishwa wima kama ua, uso mmoja mashariki na mwingine magharibi. Wazungu walilijaribu mapema. Mwaka 1997 liliwekwa kando ya barabara kuu karibu na Zürich, Uswisi, likawa ukuta wa kuzuia kelele za magari na papo hapo likatoa umeme. Mwaka 2020 safu ndefu za paneli za wima zilijengwa katika malisho huko Donaueschingen, kusini mwa Ujerumani, na trekta hukata majani katikati ya safu. Picha yake ni nzuri, na mkulima mwenye ekari tano akiiona huwaza mara moja: ua wangu, umeme wangu, na shamba halikuliwa.

Nasema tusikimbilie. Hapa kwetu jua hupita karibu na utosi. Mwezi wa Machi na wa Septemba, saa sita ya mchana, mtu hukanyaga kivuli chake. Paneli iliyosimama wima ikitazama mashariki na magharibi hupata jua la asubuhi upande mmoja na la alasiri upande mwingine, lakini saa sita mchana jua liko juu ya ncha yake, na nyuso zote mbili hubaki na mwanga wa anga na wa ardhi tu. Mwezi wowote wa mwaka ni hivyo. Saa ile ile pampu ya jirani, iliyounganishwa na paneli zilizolala, ndiyo inavuta maji kwa nguvu zote. Ukijumlisha siku nzima, paneli ya wima kwetu hupata pungufu, kwa sababu jua lake ni lile la chini, lililopita katika hewa nene, na nusu ya siku linaupiga ule mgongo wenye nguvu pungufu.

Wajerumani si wajinga kufanya vile. Kwao jua la kiangazi hukaa angani saa kama 16, linachomoza mbali kaskazini-mashariki na kuzama mbali kaskazini-magharibi. Tena wao huuza umeme katika nyaya za taifa, na saa sita mchana umeme wa jua umejaa mpaka bei yake inashuka. Wanautaka ule wa asubuhi na wa jioni. Pampu yako haina soko la bei. Ina tangi, na tangi halijali maji yaliingia saa ngapi.

Hata hivyo sitaki ua huo utupwe kabisa. Mwenye ng'ombe wa maziwa, anayekamua alfajiri na alasiri na kutaka kupoza maziwa saa hizo, anaweza kuutumia, na mwenye kiwanja chembamba pia. Vumbi haliukalii, na mawe ya mvua huupiga ubavu tu. Akifanya hivyo, auelekeze uso wenye nguvu upande ambao anga lake huwa safi. Mahali pengi pa magharibi ya Bonde la Ufa asubuhi huwa nyeupe na mvua huja alasiri. Basi uso wa mbele utazame mashariki. Penye ukungu wa asubuhi, kinyume chake. Na nguzo ziwe za nguvu mara mbili, kwa maana ukuta wa kioo ni tanga la jahazi.

Kuhusu kupanda chini ya paneli, mfano tulio nao karibu ni Isinya, Kaunti ya Kajiado, katika Taasisi ya Latia, ambako mwaka 2022 paneli 180 za wati 345 ziliinuliwa mita kadhaa juu ya mboga, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sheffield cha Uingereza na wengine. Kabichi zilizoota chini yake zilikuwa kubwa kwa thuluthi kuliko zile zilizokuwa juani kwa maji na mbolea sawa. Wakulima wengi wamenitajia habari hiyo. Lakini Isinya ni kukavu na kuna joto. Kivuli kule ni mvua ya pili. Kinangop, ambako kabichi huomba jua na si kivuli, mtu asinakili stendi ya Isinya akategemea kabichi za Isinya. Aweke safu mbali mbali zaidi, na chini apande majani ya ng'ombe au mboga zinazovumilia kivuli. Mwanga unaopita katika nafasi hizo ndio pia utakaorudi mgongoni mwa paneli, kwa hiyo kuzibananisha ni hasara mara mbili.

Jambo moja la hatari, nalo nalisema wazi kwa sababu linaweza kuunguza mali. Mwanga wa nyuma huongeza ampea, wala hauongezi volti kwa kiasi cha maana. Paneli ya ampea 14 kwa mbele hufika 15 na nusu kwa kipimo kile cha pili. Ukiwa na kontrola ya pampu iliyoandikwa mwisho ampea 15, na umeinunua kwa hesabu ya mbele, siku ya anga jeupe juu ya ardhi nyeupe utakuwa umeizidisha. Basi kwa kununua, hesabu wati za mbele. Kwa kuchagua waya, fyuzi na kontrola, hesabu za mbele na nyuma pamoja. Najua ni vigumu kumwambia mtu atumie tarakimu mbili kwa kitu kimoja, lakini hata daraja hujengwa kwa uzito wa lori lililojaa ingawa mara nyingi hupita punda.

Ombi langu kwa vyama vya ushirika, na hata kwa ofisi zetu za kilimo, ni kwamba kabla ya kuagiza paneli za skimu nzima zinunuliwe mbili tu, zisimamishwe kwenye kiwanja cha mkulima mmoja, na zipimwe. Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu wa ng'ambo. Paneli mbili za namna moja ziwekwe bega kwa bega, urefu mmoja, mteremko mmoja. Mgongo wa moja ufunikwe kwa gunia jeusi au nailoni nyeusi, isiyobandikwa, bali iliyotundikwa shubiri moja chini yake ili hewa ipite na paneli isipate joto kuliko mwenzake. Kisha Bwana Shamba au mwalimu wa shule iliyo karibu aje na kipima ampea cha kubana waya, apime zote mbili kwa dakika moja, saa tatu, saa sita na saa tisa, kwa siku kumi, nao watoto wa darasa la juu waandike katika daftari. Baada ya siku tano gunia lihamishwe kwenye paneli ya pili, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba moja ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Ikiwa iliyo wazi inazidi iliyofunikwa kwa 8 kwa mia, stendi hiyo na ardhi hiyo zinalipa, na chama kiagize za namna hiyo hiyo kwa urefu huo huo. Ikiwa inazidi kwa 2, mpigieni muuzaji simu mzungumze bei upya, na karatasi ya daftari iwe mkononi.